Kaka atalipia chuo cha mjini, mimi roho yangu iko chuo cha wananchi

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 22, naishi mkoa wa Mtwara na mama yangu mzazi pamoja na binti yangu wa miaka 5. Shule niliacha mwaka 2020 nikiwa kidato cha pili, kwa ujauzito. Mwaka uliofuata, Serikali iliporuhusu waliojifungua warudi darasani, mtoto alikuwa bado ananyonya na mimi nilishajiona mtu mzima. Sikurudi. Baba wa mtoto yuko Dar es Salaam, hutuma chochote wakati wa sikukuu, basi.

Aliyenibeba ni kaka yangu mkubwa. Yeye aliishia darasa la saba akaingia kwenye mikorosho ya marehemu baba, na sare zangu, madaftari na michango vyote vilitoka mfukoni kwake. Nilipopata mimba hakunipiga wala hakunifukuza, ila alikaa karibu mwaka mzima bila kuniongelesha. Akiingia uani anamsalimia mama, mimi ananiruka. Siku hizi tunaelewana, na msimu huu korosho zimemlipa. Ameniita akaniambia ametenga shilingi 1,200,000 nikasome hoteli na utalii kwenye chuo binafsi mjini, miezi 6. Ameshakwenda huko mwenyewe, akarudi na kipeperushi chenye picha ya wahitimu waliovaa majoho. Amekibandika sebuleni kwake.

Mimi nataka umeme wa majumbani, Mama. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu kupeleka fomu kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, wilaya ya jirani. Wakati tunamsubiri mhasibu nikachungulia karakana. Kulikuwa na mbao zimesimamishwa ukutani, kila moja ina swichi, soketi na taa, na msichana wa umri wangu yuko juu ya ngazi, amevaa suruali, kanga ameifunga kiunoni. Mkufunzi akazima umeme, akamuuliza amejuaje kama kweli umekatika. Yule dada hakujibu. Alishuka, akaipeleka testa kwenye soketi nyingine yenye umeme, ikawaka, ndipo akapanda tena kupima ya kwake. Mkufunzi akasema, “Huyu atazeeka.” Wote wakacheka. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri.

Niliuliza maswali pale ofisini. Nikaambiwa darasa la saba wanapokelewa, bweni lipo, watoto wadogo wana mahali pa kulelewa mama zao wakiwa kwenye masomo, na nikitaka naweza kusoma sekondari palepale, nifanye QT, ule mtihani wa kumfungulia njia aliyeacha shule, halafu kidato cha nne. Gharama yao haifiki nusu ya hela aliyotenga kaka.

Nilipomweleza kaka alicheka, kisha akakasirika. Alisema kile ni chuo cha walioshindwa, watu wanakwenda kufundishwa kufuma vitambaa, na hela yake ya korosho haiendi kule hata senti. Akaniambia, “Muulize mama yako.”

Hapo ndipo penye mfupa. Mama alisoma chuo hichohicho. Mwaka 1984 serikali ya kijiji ilimteua, akakaa miaka 2 akijifunza ushonaji. Aliporudi, kijiji kilikuwa kimeahidi kuanzisha kikundi cha akina mama. Vyerehani vilikuja viwili, vikafungiwa ofisi ya kijiji, na ufunguo mama hakuwahi kuushika. Hadi leo anaweza kukata sketi ya shule kwa kupima na shibiri ya mkono tu, na inakaa sawasawa, lakini maisha yake yote ameshika jembe. Nilipomuuliza alisema, “Chuo kilikuwa kizuri. Nikarudi, jembe likawa lilelile.” Sijui kama ananiambia nenda au usiende.

Naogopa na jambo jingine. Nikikaa bweni na mtoto, kila mtu atajua kwa nini niko pale. Kwenye chuo cha kaka hakuna atakayeuliza. Na kwa kweli, baada ya yale niliyomfanyia, nina haki gani ya kumkatalia?

Kaka anataka jibu kabla ya Desemba. Chuo cha wananchi wanaanza Januari. Nisaidie, Mama.

Mama wa mmoja, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeirudia, na kila mara nimekwama kwenye vile vyerehani viwili. Nitavirudia mimi pia. Nianze kwanza kwa kusema nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Kaka anakupa njia iliyolipiwa, fupi, isiyo na maswali. Wewe unavutwa na njia ndefu zaidi, ambayo watu wa nyumbani wanaiona ya aibu, na shahidi wao ni mama yako mwenyewe. Juu ya hayo umejitwisha deni: unaona aliyekulea ukamwumiza huwezi tena kumwambia hapana.

Nikuulize kuhusu huyo shahidi. Mama amesema chuo kilikuwa kizuri na jembe likawa lilelile. Wewe na kaka mmesikia nusu ya pili tu.

Vyuo hivi vya Maendeleo ya Wananchi vilianza hapa Tanzania mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na Sweden wakasaidia kuvianzisha. Wao wazo walilipata kwa jirani: Denmark walifungua cha kwanza kule Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima, kwa fikra za mchungaji mmoja, Grundtvig, aliyeamini mkulima anastahili elimu hata kama hataki kuwa karani. Kwetu kulikuwa na sababu yake. Kampeni za elimu ya watu wazima zilikuwa zimewafundisha watu wengi kusoma na kuandika, na waliomaliza darasa la saba walikuwa wengi kuliko nafasi za sekondari. Waende wapi? Basi kijiji kikawa kinachagua mtu wake, kinampeleka chuoni, naye anarudi kukitumikia. Mtihani na cheti havikuwa kipaumbele, kwa sababu mwajiri wako alikuwa ni kijiji chako, na kijiji kinakujua.

Ukiutazama mpango huo utaona ulikuwa na nusu mbili. Chuo kifundishe, kijiji kipokee. Mama alirudi katikati ya miaka ya 1980, vijiji havina fedha, vitambaa vya dukani ni vya kutafuta kwa foleni, na biashara ilipofunguliwa mitumba ikamwagika sokoni. Shati lililoshonwa Ulaya likawa la bei ndogo kuliko kitambaa cha kushonea jipya. Hata angepewa ufunguo wa ile ofisi, sijui angemshonea nani. Na mkononi hakuwa na cheti cha kumpeleka kutafuta kazi kwingine. Anayepima sketi kwa shibiri ikakaa, baada ya miaka 40, alifundishwa akafundishika. Mlango uliomfungia ulikuwa ule wa kijijini.

Ndiyo maana sioni kama swali lako kubwa ni chuo kipi chenye heshima. Mimi ningetazama siku ya kwanza baada ya kuhitimu, kwa vyuo vyote viwili. Utaamka wapi? Nani atakupa kazi, na utaifanya kwa vifaa vya nani?

Tuanze na cha kaka, maana hakistahili kudharauliwa. Kazi za hoteli zipo, na mtu mchangamfu anayejua Kiingereza kidogo anaweza kuanza kulipwa mapema kuliko fundi. Miezi 6 ni muda ambao bibi anaweza kukaa na mjukuu. Lakini hoteli nyingi kubwa ziko Zanzibar, Dar es Salaam na Arusha, na zamu za usiku hazijui kama una mtoto. Kuna jambo jingine linalonisumbua. Cheti cha ngazi ya astashahada kinataka uwe umemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yasiyopungua 4. Wewe uliishia cha pili. Chuo hicho kimekubali kukupokea kwa ngazi gani? Inawezekana kabisa ni kozi ya ufundi stadi au kozi fupi halali, ambazo hazina sharti hilo. Inawezekana pia ni karatasi yenye joho na muhuri tu. Mwombe kaka mwende pamoja, muulize kama wamesajiliwa na NACTVET, baraza la Serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na cheti utakachopewa kinaitwaje na kinatolewa na nani. Uliza kwa upole, mbele yake, bila kuonekana unatega mtego.

Sasa cha kwako. Maneno ya kaka ya kufuma vitambaa ni ya zamani, na nadhani anakumbuka alichokiona utotoni. Vyuo hivi viko 54 nchini, toka Newala hadi Tarime, toka Kasulu hadi Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. (Ukumbi wa Arnautoglu ndimo Nyerere alimochaguliwa kuongoza TAA, chama kilichokuja kuwa TANU, mwaka 1953, lakini hilo waachie wanaopenda historia kama mimi.) Vilihamishwa wizara, vikakaa miaka mingi Maendeleo ya Jamii, sasa viko chini ya Elimu, na vingi vimekarabatiwa miaka ya karibuni. Ushonaji na upishi bado vipo, pamoja na umeme, magari, uashi, useremala, uchomeleaji, kilimo na mifugo, na kozi fupi za wiki au miezi kwa watu wazima wenye shughuli zao. Kozi ndefu hufuata ngazi za ufundi stadi zinazotambulika kitaifa. Huo ndio utofauti mkubwa na wakati wa mama: utatoka na cheti ambacho mwajiri wa mkoa mwingine anakijua.

Pale uliposikia kuna malezi ya watoto, hukudanganywa. Kuna mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, ambao shirika la Karibu Tanzania linauendesha na vyuo hivi, kwa ajili ya wasichana waliokatishwa shule, wengi wao wakiwa na watoto. Umesema kila mtu atajua kwa nini uko pale. Kweli, watajua. Je, umefikiri kwamba huenda bweni zima wapo kwa sababu zinazofanana na yako? Nakuuliza tu, sikufutii hofu yako. Kuna watu hupumua wakikutana na wenzao, na kuna wengine hutaka mahali ambapo historia yao haijulikani, nao hawana kosa. Wewe uko kundi gani, unalijua mwenyewe. Ila binti yako ana miaka 5, na mahali pa malezi mara nyingi hulenga wadogo zaidi. Anakaribia darasa la kwanza. Uliza wanapokea hadi umri gani, na kama kuna shule ya msingi karibu na chuo, kabla hujahesabu kwamba utakuwa naye.

Hofu yangu kwa upande huu ni ileile ya vyerehani. Fundi umeme asiye na vifaa hana tofauti na mshonaji asiye na cherehani. Na umeme una mlango mwingine: kuweka nyaya kwenye nyumba za watu kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na TANESCO hawaungi nyumba mpaka mkandarasi mwenye leseni asaini fomu. Maana yake, ukihitimu utaanza chini ya mtu. Huyo mtu ni nani kwenu? Yupo? Anapokea wasichana, au atakutuma kununua soda? Soko nalo lina pande mbili. Vijijini kuunganishiwa umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ni shilingi 27,000, kwa hiyo nyumba zinazotaka kuwekewa nyaya ni nyingi. Lakini nyumba ya chumba kimoja au viwili siku hizi inaweza kufungwa kile kifaa cha UMETA (Umeme Tayari) chenye soketi na taa zake, kisichohitaji nyaya za ukutani, na fundi akakosa kazi. Simaanishi ni mitumba mipya. Namaanisha nenda kakae nusu siku na fundi mmoja wa mtaani, uone analipwa kwa kazi gani na anakaa siku ngapi bila kazi.

QT na kidato cha nne pamoja na ufundi, ukilea, ni mzigo mzito. Kuna wanaoubeba. Kuna wanaoanza vyote viwili wakaangusha kimoja, na mara nyingi kinachoangushwa ni hisabati. Faida yake ni kwamba cheti cha kidato cha nne hufungua hata ile milango ya kaka, baadaye. Unaweza pia kuanza na ufundi ukaacha QT kwa mwaka wa pili, kama chuo kinaruhusu.

Nirudi kwa kaka, maana naona hapo ndipo usingizi wako unapopotelea. Unaliita deni. Alikulipia shule ikakatika, na kwa karibu mwaka hakukusemesha. Sasa ametenga fedha ya msimu, akasafiri, akachukua kipeperushi na kukibandika ukutani kwake, si kwako. Mimi pale naona mtu anayetaka kuiona ile picha ya mhitimu aliyoikosa mara moja, na pengine mara mbili, maana yeye mwenyewe aliishia la saba. Lile joho lina uzito kwake kuliko hoteli. Ukimwambia “sitaki chuo chako,” atasikia “sitaki zawadi yako.” Ungemweleza vipi ili asikie jambo jingine?

Unaweza kumpeleka karakana. Usimhubirie, mwache asimame mlangoni pale uliposimama wewe. Mama naye aende, kama miguu inaruhusu. Hajawahi kuulizwa, nadhani, alijifunza nini mle ndani. Ameulizwa tu kilichotokea baadaye. Unaweza kumwomba kaka asilipie ada ya chuo chako hata senti, kama alivyoapa, bali sehemu ya hela hiyo imngojee fundi atakapohitimu: testa, plaizi, bisibisi, ngazi. Hatari yake ni kwamba fedha ya korosho ikipewa muda hupata matumizi mengine, na Januari itakukuta umekosa vyote viwili. Unaweza kuikubali ya kwake kwanza, ufanye kazi, ujilipie umeme mwenyewe baadaye. Wapo waliofanya hivyo, na wapo ambao ile “baadaye” haikufika. Unaweza pia kumwomba akusubiri hadi msimu ujao, ujaribu kozi fupi uone kama mapenzi ya umeme yanazidi siku moja ya kuchungulia. Hapo utapoteza mwaka, na huenda ukapoteza subira yake.

Na kama akikataa yote? Itabidi ujiulize kama unaweza kubeba kimya kingine. Kile cha kwanza kilikukuta una miaka 16 na mimba. Sasa una miaka 22, na unakwenda kumwambia jambo uliloliuliza ofisini, ukahesabu gharama yake. Sijui kama kitauma kidogo kuliko cha kwanza. Wewe unamjua kaka yako, mimi namjua kwa barua moja.

Kabla ya Desemba, basi, una safari mbili: mjini na kaka, wilaya ya jirani na mama. Ukifika huko kwa pili uliza pia kozi yao ya umeme inaishia ngazi ya ngapi, na anayetaka kuendelea juu zaidi huenda chuo gani cha VETA, kiko umbali gani na kwenu. Niandikie walichokujibu, na alichosema mama alipoingia karakana.